Ukiwa na Kisukari, Pumu au Ugonjwa wa Moyo, Ulizia Chanjo ya Mafua

Siku ya kliniki, mgonjwa wa kisukari hupimwa sukari na presha, huangaliwa nyayo, huulizwa kama vidonge vilimtosha, kisha huandikiwa metformin au insulini ya kumfikisha tarehe ya kurudi. Mwenye pumu huangaliwa anavyovuta dawa ya pampu. Wa moyo hupandishwa kwenye mzani ili ijulikane kama maji yameanza kujaa mwilini. Swali ambalo kwa kawaida halimo katika mzunguko huo ni kama mwaka huu amechanjwa mafua. Kwenye kadi halina nafasi yake, na mgonjwa naye haliulizi, kwa sababu mafua anayajua tangu utotoni, huja yakaondoka, na hayajawahi kumlaza. Ninachoshikilia ni kwamba kwa mtu wa aina hii chanjo ya mafua haipaswi kuhesabiwa kama kinga ya makamasi. Ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa alio nao tayari, na inastahili kuandikwa kwenye kadi ileile inayoandikwa vidonge vyake. Kwa kuwa huduma zetu bado hazijaifikisha mlangoni kwake, itambidi aiulizie mwenyewe.

Kwanza tutenganishe maradhi mawili yanayochanganywa. Mafua ya kawaida, ya kupiga chafya na pua kutiririka, huletwa na virusi vya aina nyingi, na kwa kawaida huisha baada ya wiki moja hivi bila kuacha madhara. Homa ya mafua inayochanjwa huletwa na virusi vya influenza, nayo hainyemelei: mtu anaamka mzima, jioni homa imepanda, viungo vinauma kama aliyepigwa, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu kinakwangua kifua. Afrika Mashariki mtu huyo hupelekwa kupimwa malaria. Isipoonekana, husemwa ni taifodi, au hupewa antibiotiki ambazo haziui virusi, na kipimo cha influenza hakifanywi kwa kuwa vituo vingi havina. Akipona, jina la ugonjwa wake halikuandikwa popote. Akifa wiki mbili baadaye, cheti kitataja moyo au sukari. Ndiyo maana wengi wetu huamini kwamba huu ni ugonjwa wa nchi za baridi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watu kama bilioni 1 huugua mafua ya msimu, milioni 3 hadi 5 kati yao huugua vibaya, na watu 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yaliyotokana nayo. Waliokufa kwa moyo au kiharusi kilichochochewa na mafua hayo hawamo katika hesabu hiyo.

Uhusiano wa mafua na moyo ndio unaowashangaza watu zaidi, kwa hiyo nitaukalia kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha uchunguzi uliopangwa kwa werevu. Walichukua watu ambao maabara ilithibitisha kuwa walikuwa na influenza, na ambao katika mwaka uliotangulia au uliofuata walilazwa kwa shambulio la moyo. Kisha kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe: siku 7 baada ya kipimo cha mafua zikawekwa upande mmoja, na muda wote uliobaki upande wa pili. Katika mashambulio 364, yaliyoangukia ndani ya siku hizo 7 yalikuwa 20. Katika wiki za kawaida wastani ulikuwa 3.3 tu kwa wiki. Hatari iliongezeka mara sita. Uzuri wa kumlinganisha mtu na nafsi yake ni kwamba huwezi kusema walioshambuliwa moyo walikuwa wavutaji sigara au walaji wa mafuta kuliko wenzao, maana mwenzao ndiye yeye. Sababu zake zinaeleweka. Mwili ukipambana na virusi hutoa kemikali za uvimbe zinazofanya mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa yapasuke kwa urahisi. Damu nayo hugandamana upesi zaidi. Homa huuharakisha moyo, na mapafu yaliyojaa makohozi huupunguzia oksijeni saa ileile unapoihitaji zaidi. Moyo wa kijana hustahimili wiki hiyo. Moyo ambao mishipa yake imeshaziba nusu huenda usistahimili.

Kwa mwenye kisukari njia ni nyingine, mwisho unafanana. Homa huufanya mwili umwage homoni za msongo, kotisoli na adrenalini, nazo huamuru ini litoe sukari na kuifanya insulini isifanye kazi vizuri. Hapo mgonjwa anaweza kukaa kutwa bila kula, akapima, akakuta sukari iko juu kuliko siku ya sherehe. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hufanya kazi kwa uzembe, na bakteria wa nimonia hupata nafasi. Wakati wa mlipuko wa H1N1 mwaka 2009, watafiti wa Quebec waliona kwamba kisukari kiliongeza mara tatu uwezekano wa kulazwa, na kwa waliolazwa kiliongeza mara nne uwezekano wa kupelekwa ICU. Kwa watoto wenye selimundu takwimu zinatisha zaidi: katika majimbo manne ya Marekani walilazwa kwa sababu ya mafua mara 56 zaidi ya watoto wasio na selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na mzazi yeyote aliyewahi kuona kifua cha mtoto wa selimundu kikibana kwa maambukizi hahitaji kuelezwa zaidi. Orodha inaendelea kwa wenye pumu na mapafu yaliyochakaa, wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, wenye ugonjwa wa ini, wanaoishi na VVU, wanaotibiwa saratani, wanaotumia prednisolone kwa muda mrefu, wenye unene uliopita kiasi, wajawazito, wazee na watoto wadogo. Presha peke yake, isiyojaathiri moyo wala figo, haimo katika orodha ya Uingereza wala ya Marekani. Lakini mtu wa presha aliyefika miaka 65 ameshaingia kwa umri wake.

Kuonyesha kwamba mafua yanaumiza hakutoshi. Lazima ithibitike kwamba chanjo inapunguza maumivu hayo, na hapa ushahidi una uzito tofauti mahali na mahali. Ulio bora ni wa mwaka 2021, kutoka jaribio lililoongozwa na daktari wa moyo wa Sweden, Ole Fröbert, katika nchi 8. Wagonjwa zaidi ya 2,500, karibu wote wametoka kupata shambulio la moyo, walidungwa kabla ya kutoka hospitalini, nusu chanjo ya mafua na nusu maji ya chumvi, bila wao kujua ni ipi. Baada ya miezi 12, waliokufa katika kundi la maji ya chumvi walikuwa asilimia 4.9, katika kundi la chanjo, asilimia 2.9. Jaribio lilikatizwa mapema kwa sababu ya korona, lakini tofauti hiyo inakaribia ile tunayoitarajia kutoka kwa dawa za moyo ambazo hakuna daktari angethubutu kuziacha.

Jaribio la pili, la mwaka 2022, lilihusu watu 5,129 ambao moyo wao umechoka kusukuma damu, katika nchi 10 za Asia, Mashariki ya Kati na Afrika. Hili halikutoa ushindi safi. Lengo kuu, yaani kupunguza kwa pamoja vifo vya moyo, mashambulio na viharusi kwa kipindi chote, halikufikiwa kwa tofauti ya kutosha. Nimonia, hata hivyo, ilishuka kwa asilimia 42, waliolazwa walipungua, na katika miezi ambayo virusi vilikuwa vimeenea zaidi hata lile lengo kuu lilionyesha nafuu. Nalitaja kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kwamba chanjo hii haiwi na nguvu ileile kwa kila mgonjwa. Tena matokeo hayo yanafuata mantiki: chanjo ya mafua inakinga madhara ya mafua, na madhara hayo hutokea mafua yakiwapo. Kwa wanaoishi na VVU ushahidi uko karibu nasi. Shabir Madhi na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 2011 kwamba chanjo ilipunguza mafua yaliyothibitishwa kwa takriban robo tatu miongoni mwa watu wazima wenye VVU, na mwaka 2014 kwamba kwa wajawazito, wenye VVU na wasio navyo, ilipunguza kwa nusu au zaidi. Watoto waliozaliwa na mama wasio na VVU nao walikingwa kwa karibu nusu, katika miezi ile ya mwanzo ambayo mtoto bado hawezi kuchanjwa.

Hapo ndipo pingamizi linalosikika zaidi huingia: mbona jirani alichanjwa na bado akaugua? Ni kweli, hutokea. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza kwa asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa kuugua kiasi cha kumwona daktari, na kwa wazee au wanaosafishwa damu kinga inayojengeka huwa hafifu zaidi. Lakini mgonjwa wa presha hatupi vidonge vyake kwa sababu kuna watu waliovimeza wakapata kiharusi. Anavimeza kwa sababu vinapunguza uwezekano. Kinachotazamwa kwa mgonjwa sugu ni kama atalazwa na kama atatoka hospitalini, na waliochanjwa wakaugua huwa na nafasi ndogo ya kufikia ICU kuliko wasiochanjwa. Udhaifu huo wa kinga kwa wagonjwa wenyewe una fundisho la pembeni: anayemuogesha, anayempikia na anayelala naye chumba kimoja wakichanjwa pia, virusi vitapata milango michache ya kumfikia.

Wengine husema, hapa hakuna theluji, chanjo ya nini? Ukweli unaelekea upande mwingine. Ulaya mafua hubana wakati wa baridi, kisha huachia kwa miezi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, Kenya ikiwamo, uchunguzi wa hospitalini umeonyesha virusi vikizunguka karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka bila kutoweka. Mwenye pumu wa Nairobi hana likizo anayopewa na hali ya hewa. Kwa hiyo ushauri wa kungoja msimu hautufai sana. Kinachofaa ni kuipata chanjo mpya mara inapofika. Kila mwaka wataalamu wa WHO hukutana mara mbili kuchagua virusi vya kuwekwa ndani yake, Februari kwa ajili ya kizio cha kaskazini na Septemba kwa ajili ya kizio cha kusini. Ya kusini kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia Machi au Aprili, kabla ya kipupwe, na ya kaskazini huanza kutoka kati ya Agosti na Oktoba. Sisi tuliokaa katikati tunaweza kutumia yoyote kati ya hizo ilimradi iwe mpya, na dozi moja kwa mwaka inatosha kwa mtu mzima. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji mbili, zikipishana wiki nne. Kurudia kila mwaka kunatokana na mambo mawili: virusi hubadilika sura, na kinga yenyewe hupungua kadiri miezi inavyopita.

Ukifika famasia, omba uonyeshwe kasha kabla halijafunguliwa. Juu yake kumeandikwa kama ni fomula ya kusini au ya kaskazini na ni ya mwaka au msimu gani. Ya mwaka uliopita, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, usiichukue. Angalia ilikotolewa. Chanjo hii hukaa kwenye friji yenye nyuzi joto 2 hadi 8, na friji ya chanjo inayotunzwa vizuri huwa na kipimajoto ndani na karatasi ya kumbukumbu mlangoni. Ikiwa imebanwa na soda karibu na barafu, ondoka, maana chanjo iliyoganda imeharibika hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Usiinunue ukaibeba kwenye mkoba kwenda kudungwa mtaani kwenu. Idungwe palepale, nusu mililita kwenye msuli wa bega, kisha tarehe na jina la chanjo viandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Ukikuta ina virusi vya aina tatu badala ya nne ulivyozoea, hujapunjwa: ukoo mmoja wa virusi vya kundi B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020, hivyo WHO ilishauri uondolewe.

Hofu kwamba sindano yenyewe huleta mafua haina msingi, kwa kuwa virusi vilivyomo vimeuawa na haviwezi kuzaliana. Mkono utauma, na homa ndogo au uchovu wa siku moja au mbili unaweza kutokea. Kwa mwenye kisukari sukari inaweza kupanda kidogo siku hizo, basi apime mara nyingi zaidi. Anayeugua siku chache baada ya sindano mara nyingi alikuwa ameambukizwa tayari, au ameambukizwa kabla kinga haijakomaa, maana huchukua kama wiki mbili. Chanjo haigongani na ARV, insulini wala dawa za moyo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie muuguzi, atadungwa kwa sindano nyembamba na kukandamizwa mahali pale kwa dakika kadhaa. Ya kuepukwa na wenye kinga dhaifu, wajawazito na wenye pumu kali ni ile ya kupuliziwa puani, kwa kuwa ina virusi hai. Aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo hii yenyewe asichanjwe. Aliyewahi kupooza kwa ugonjwa wa Guillain-Barré ndani ya wiki sita baada ya chanjo ya mafua ashauriane kwanza na daktari. Mzio wa mayai, uliowazuia wengi zamani, Marekani hauhesabiwi tena kuwa kizuizi. Waislamu wanaouliza kuhusu nguruwe wana haki ya kujibiwa kwa uwazi: ile ya puani inayotumika Uingereza ina jelatini ya nguruwe, na wazazi huko huruhusiwa kuomba ya sindano, za sindano kwa kawaida hazina jelatini, na orodha ya viambato imo ndani ya kasha. Saudia yenyewe huwashauri mahujaji wachanjwe mafua, hasa wazee na wenye magonjwa sugu, nao wanapaswa kufanya hivyo wiki mbili au zaidi kabla ya safari.

Pingamizi nisiloweza kulipuuza ni la fedha. Msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza akiwa na kisukari au pumu inayohitaji dawa za kuzuia kila siku huchanjwa bure kila vuli ya huko, na asipoenda hana udhuru mkubwa. Kwetu habari ni nyingine. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu wa chanjo ya Kenya ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe mafua, lakini mtu mzima mwenye moyo mgonjwa bado huinunua kwa fedha zake, mara nyingi katika hospitali au famasia binafsi za mjini. Nasema bila kusita kwamba hili ni kosa la kisera, kwa sababu WHO inawataja wenye magonjwa sugu miongoni mwa makundi ya kwanza kabisa ya kuchanjwa. Mpaka lirekebishwe, kuna mambo ya kufanya. Uliza bima yako kwa maandishi kama inalipia. Usipunguze insulini wala dawa za presha ili ununue chanjo, kwa kuwa dawa hizo zinatangulia. Nyumba ikiwa na uwezo wa dozi moja, apewe aliye mgonjwa zaidi, si mwenye mshahara. Na zile familia zinazojua kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp ndani ya saa moja kwa ajili ya bili ya ICU zinaweza kumchangia mama dozi moja kila mwaka, kabla bili haijaja.

Aliyechanjwa akishikwa na homa asikae nyumbani akijiambia kwamba ana kinga. Apimwe malaria kama kawaida, amweleze daktari ugonjwa wake sugu, na aulize kuhusu oseltamivir, dawa ya virusi hivi inayofanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Mwenye kisukari asiache insulini kwa sababu hali chakula; anywe maji na apime kila baada ya saa chache. Mtoto asipewe aspirini. Kupumua kwa shida, kifua kuuma, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu, au homa iliyoshuka kisha ikarudi na makohozi mazito ni sababu za kwenda hospitali usiku huohuo. Kwa mwenye selimundu, homa ya nyuzi 38.5 au zaidi inatosha peke yake, awe amechanjwa au la.